Anayebonyeza Ovyo Ndiye Anayelipa

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ninaandika kutoka hapa Lokitaung, mji wetu wa mawe, jua na upepo. Najua katika jarida la Chama chetu cha Kiswahili wengi huandika kuhusu ukame, ndoa za mapema na umuhimu wa kusoma kwa bidii. Hayo yote ni mambo mazito na ninayaunga mkono mia kwa mia. Lakini mimi mwaka huu nimeamua kuandika juu ya jambo ambalo wakubwa wakilisikia hukunja nyuso, nalo ni gemu za ngumi. Tafadhali usifunue ukurasa wa pili kabla hujanisikiliza.

Msimamo wangu ni huu. Anayecheza gemu ya ngumi bila kujifunza anatupa pesa za mzazi wake jalalani. Anayejifunza kuicheza sawasawa anapata kitu cha kumfaa hata akiwa nje ya kibanda. Kwa hivyo tujifunze ama tuache. Tena nina neno la kuongeza juu ya hilo, lakini nitalifikia pole pole, maana haraka haraka haina baraka.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia, kibanda chetu ni cha mabati. Ndani mna televisheni moja, mabenchi mawili, na mashine ya PlayStation 2. Mashine hiyo ilianza kuuzwa mwaka wa 2000, wakati mimi sijazaliwa. Umeme unatoka kwa sola iliyo juu ya paa. Jua lile lile tunalolilalamikia mchana kutwa ndilo linalotuchezesha jioni. Gemu inayopendwa kuliko zote ni Tekken 5, ambayo ilitolewa kwa mashine hiyo mwaka wa 2005. Wawili wanaketi, kila mmoja ana padi yake mkononi, wanachagua watu wao na vita vinaanza. Mchezo mmoja ni shilingi kumi. Na kanuni ni moja tu, imeandikwa kwa makaa ukutani: MSHINDI ANAKAA, MSHINDE ANALIPA.

Hebu itazame kanuni hiyo vizuri. Maana yake ni kwamba anayejua anacheza bure jioni nzima, na wasiojua wanapokezana kumlipia. Ujinga una bei, na hapa kwetu bei yake ni shilingi kumi kila dakika tatu.

Mimi nilikuwa mlipaji mkubwa. Nakiri hadharani. Nilikuwa nachagua Christie au Eddy, wale Wabrazili wanaopigana kwa mchezo wa kapoera, kwa sababu mateke yao yanazunguka kama kisulisuli hata kama hujui unachofanya. Nilikuwa nabonyeza batani zote kwa pamoja kama mtu anayeua siafu. Siku nyingine nilishinda, nikapiga kelele mpaka wapita njia wakachungulia. Lakini akija mtu anayejua, alikaa akanisubiri nimalize kuzunguka, kisha akanipiga ngumi mbili tatu, damu yangu ikaisha. Nikalipa. Nikasema, "Tena!" Nikalipa tena.

Siku moja nikafungua nyuma ya daftari langu la hesabu na kujumlisha. Kwa mwezi mmoja nilikuwa nimelipa shilingi mia tatu na arobaini. Nilihisi tumbo likikata. Mama yangu husuka vikapu vya majani ya mkoma. Kikapu kimoja humchukua siku kadhaa, na mnunuzi akija hubishana naye mpaka bei inashuka. Shilingi mia mbili kati ya hizo alikuwa amenipa ninunue karatasi za marudio. Ndizo hizo nilizokuwa nimempa Eddy azungukie.

Siri kama hiyo huwa haikai. Niliposhindwa kuonyesha karatasi ilibidi niseme ukweli. Nilitarajia fimbo. Mama aliendelea kusuka, hata hakuinua macho.

"Mwanangu," akaniuliza, "kwa hizo pesa zangu umenunua nini?"

"Sijanunua kitu, Mama. Nimecheza."

"Umecheza. Na umejua kucheza?"

Nilinyamaza. Ningekuwa na jibu la hilo swali labda nisingeandika makala hii. Fimbo ingepona kwa siku mbili, lakini swali hilo bado liko nami. Nilikuwa nimelipa ada ya mwezi mzima na sikuwa nimejifunza hata kitu kimoja.

Niliacha kibanda kwa muda, nikabeba maji ya hoteli moja mpaka nikairudisha ile mia mbili. Niliporudi kibandani nilirudi kutazama tu. Hapo ndipo nilipokutana na kaka mmoja aliyekuwa amekuja likizo kutoka Lodwar. Alikuwa hashindwi. Wenzangu walisema ana dawa. Mimi niliketi karibu naye nikamwuliza dawa yake ni gani. Akacheka, akanipa padi, tukacheza mmoja akalipa yeye mwenyewe. Baadaye akaniambia, "Ndugu mdogo, wewe hupigani na mimi. Unapigana na batani."

Yafuatayo ndiyo aliyonifundisha. Nayaandika hapa ili yeyote anayekwenda kule asilipe nilicholipa mimi.

Kwanza, jua silaha zako. Katika Tekken, tangu ile ya kwanza kabisa ya mwaka wa 1994, batani nne za kupigia ni viungo vinne vya mwili: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto na mguu wa kulia. Basi! Nilikuwa nimecheza miezi minne bila kulijua hilo. Ni kama mtu kusoma Kiswahili miezi minne bila kujua kuna irabu tano.

Pili, jifunze kuzuia kabla ya kupiga. Mapigo yako ya aina tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Ukisimama na kuvuta mshale wa nyuma, unazuia ya juu na ya kati, lakini ya chini yatakukata miguu. Ukichuchumaa huku umevuta nyuma, unazuia ya chini, na mengi ya juu yanapita hewani juu ya kichwa chako, lakini la kati litakupata tu. Hakuna mkao mmoja unaozuia kila kitu. Ni lazima umtazame mwenzako na kukisia anataka kufanya nini. Kwa wiki nzima huyu kaka alinikataza kupiga. Kazi yangu ilikuwa kuzuia tu. Nilichekwa sana. Lakini kwa mara ya kwanza nilianza kuyaona mapigo yakija, badala ya kuyasikia yameshafika.

Tatu, chagua mtu mmoja ukae naye. Mimi nilimchagua Paul Phoenix, yule Mmarekani ambaye nywele zake zimesimama wima kama kichuguu. Ana konde moja la mkono wa kulia ambalo likimpata adui linakula damu nyingi ajabu. Lakini adui akilizuia, Paul anabaki wazi, na hapo ataadhibiwa. Ukikaa na mtu mmoja unajua nguvu yake na pia udhaifu wake. Ukibadilisha kila siku unabaki mgeni kwa wote.

Nne, adhibu kosa. Picha za gemu hii hubadilika mara sitini kwa sekunde moja. Ngumi ya haraka ya wapiganaji wengi hufika kwenye picha ya kumi, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Pigo kubwa likizuiwa, aliyelipiga huchukua muda kujirudisha. Muda huo ukizidi ule wa ngumi yako, basi ngumi yako haiwezi kukosa. Kumbe si bahati, ni hesabu! Mimi ambaye hesabu hunitoa jasho, nilijikuta napiga hesabu za sekunde kwenye benchi.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: ukishindwa, usiseme "tena" kabla hujasema "kwa nini". Kaka yule alinilazimisha kutaja sababu moja baada ya kila mchezo. Si sababu kumi, moja tu. "Nilichuchumaa wakati wa pigo la kati." "Nilirusha konde kubwa mara tatu mfululizo akanizoea." Nilianza kuziandika nyuma ya lile daftari la hesabu, chini ya hesabu ya mia tatu na arobaini. Ukurasa wa madeni ukageuka kuwa ukurasa wa masomo.

Sasa msomaji utauliza, je, ukawa bingwa? La hasha. Kwa wiki tatu zilizofuata niliendelea kushindwa, lakini nilishindwa kwa kujua. Baada ya hapo nikaanza kukaa kwenye benchi. Mechi mbili, tatu, siku nyingine tano. Yule kaka wa Lodwar sijamshinda mpaka leo, na alisharudi kwao.

Hapa ndipo ninapofika kwenye lile neno nililosema nitaliongeza.

Jioni moja nilikuwa nimekaa. Akaja mtoto wa kidato cha kwanza. Akachagua Christie. Akabonyeza batani zote kwa pamoja. Nikazuia, nikazuia, kisha nikampiga Paul konde lake moja. Akalipa. "Tena!" akasema. Alilipa mara sita, na kila mara pesa zilitoka mfukoni zikiwa zimekunjwa kunjwa zaidi. Alipofika ya sita akanyamaza akabaki kutazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimecheza bure. Nilikuwa nimefurahi sana, mpaka nilipomtazama vizuri nikajiona mwenyewe. Nikajiuliza, huyu mama yake anasuka nini?

Wajua, mimi kujifunza hakukuondoa ile gharama. Kuliihamisha tu kutoka mfukoni mwangu kwenda mfukoni mwa mtoto mdogo. Kanuni ya ukutani haijali nani anajua, inachojali ni kwamba mtu alipe. Kwa hivyo nasema, anayejifunza akanyamaza na elimu yake ni kama mtu aliyechimba kisima kwenye mchanga wa mto mkavu halafu akakikalia. Siku iliyofuata nilimwita yule mtoto nikamwonyesha batani nne na mapigo matatu. Akaniambia, "Kumbe!" Hilo "kumbe" lilinipendeza kuliko mechi zote nilizoshinda.

Wengine watasema, wewe unatuletea hadithi za kibandani, zina faida gani kwa dunia? Basi nitoke nje kidogo. Mwezi wa Februari 2019, kule Fukuoka nchini Japani, kulifanyika mashindano ya Evo Japan. Evo ndiyo mashindano makubwa ya gemu za ngumi, na mizizi yake ni mwaka wa 1996 kule California. Wakati huo watu wengi waliamini mabingwa wa Tekken hutoka Korea na Japani. Akatokea kijana wa Lahore, Pakistan, jina lake Arslan Siddique, anayejulikana kama Arslan Ash. Wengi hawakuwa wamemsikia. Akashinda. Halafu mwezi wa Agosti mwaka huo huo akashinda tena Evo kubwa ya Las Vegas, Marekani, na kwenye fainali alimpiga Mkorea maarufu Bae Jae-min, yule wanayemwita Knee.

Lakini utamu wa hadithi haupo hapo. Arslan aliueleza ulimwengu kwamba nyumbani kwao wako wengine wakali kama yeye. Knee mwenyewe, badala ya kununa, alifunga safari mwaka huo wa 2019 akaenda Pakistan kucheza nao, na akaonja kushindwa na watu ambao majina yao hakuna aliyekuwa akiyajua. Walikuwa wamejifunza wapi? Walikuwa wakicheza wao kwa wao, bega kwa bega, miaka na miaka, kila mmoja akimnoa mwenzake kama kisu kwa kisu. Lahore ni jiji kubwa, silinganishi na mji wetu. Lakini kwenye ramani ya Tekken ilikuwa kama Lokitaung: mahali ambapo hakuna anayetazama.

Na sisi tunajua maana ya kuitwa mahali pa mbali. Baada ya kesi ya Kapenguria iliyomalizika mwaka wa 1953, mkoloni aliwaleta Mzee Jomo Kenyatta na wenzake kufungwa hapa hapa Lokitaung, kwa sababu aliona huku ndiko mwisho wa dunia. Mpaka leo kuna watu wanaoamini hivyo. Mimi nasema kuwa mbali si kosa. Kosa ni kuwa mbali na pia kunyimana tunachokijua.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana najua mko wengi.

Wa kwanza wanasema gemu hizi zinafundisha vijana kupigana. Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini sisi watu wa mpakani tunakijua chanzo cha vita. Mjomba wangu alinyang'anywa mbuzi kwa bunduki, si kwa Tekken. Wavulana walishindana mieleka mchangani tangu enzi za babu zetu, na aliyeangushwa alijikung'uta wakaenda kunywesha mifugo pamoja. Sisemi gemu inaleta amani, huo ungekuwa uongo. Nasema kwamba mtu aliyefundishwa vizuri huanza kwa kujifunza kujizuia. Wanaorusha padi na kutukanana kibandani ni wale wanaobonyeza ovyo, kwa sababu hawajui kwa nini wameshindwa.

Wa pili wanasema gemu inaua masomo. Hapa nakubali nusu. Sisi wa shule ya kutwa tukitoka darasani tuna maji ya kuteka, tuna mbuzi wa kurudisha, na mwanga wa kusomea ni wa kubahatisha. Saa moja ya kibanda ni saa moja iliyotoka mahali fulani. Gemu haitanifanyia mtihani wa kidato cha nne. Kwa hiyo mimi nimejiwekea siku moja tu, Jumamosi, na kiasi changu ni shilingi thelathini. Zikiisha naondoka hata kama nimesimamishwa na Knee mwenyewe.

Wa tatu wanasema kibanda si mahali pa wasichana. Hao nawapinga kabisa. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa mwaka wa 2018 na timu ya ng'ambo iitwayo XiT Gaming kwa sababu ya kuicheza Tekken, na wakati huo huo alikuwa anasomea sheria. Kwa hivyo gemu na vitabu vyote vilimwezekana. Hapa kwetu wasichana husimama mlangoni wakichungulia. Nani amewahi kuwasogezea benchi? Dada yangu alikaa na mimi jioni moja tu, na mambo ya kuzuia ameyashika haraka kuliko nilivyoyashika mimi. Labda ni kwa sababu hana haraka ya kujionyesha.

Basi napendekeza mambo matatu. La kwanza, ile kanuni ya ukutani ifutwe. Kila mtu alipe nusu, shilingi tano kwa tano, ili aliyeshindwa asinyonywe na aliyeshinda asicheze kwa jasho la mama wa mwenzake. Nimeshamwambia mwenye kibanda. Amesema atafikiria, na kwamba kwake shilingi kumi ni shilingi kumi. La pili, Jumamosi saa moja ya kwanza iwe ya kufundishana: anayejua aketi na asiyejua, na wasichana wawe na zamu yao. La tatu, mtu asiingie na sare ya shule, wala na pesa aliyopewa kwa kazi nyingine. Hilo la tatu nalisema nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nimalizie kwa Mama. Wiki chache zilizopita alinikuta nikimweleza dada yangu, kwa kuchora mchangani, mapigo ya juu, ya kati na ya chini. Akasimama na majani yake ya mkoma mkononi.

"Sasa umejua kucheza?" akaniuliza.

"Nimejua kidogo, Mama. Nimejua kuzuia."

"Vizuri," akasema. "Basi uendelee kuzuia, hasa pesa zangu."

Tukutane Jumamosi, na kila mmoja aje na tano yake.